Rafiki Asiyetuacha Njiani



Mara nyingi katika ukurasa huu tumesema juu ya wajibu wa Mkristu. Leo twataka kusema juu ya furaha yake. Huenda wengine wenu, huko Masisi na Walikale, watauliza: Furaha gani? Je, waandishi hawa hawajui mambo yaliyotupata? Twayajua. Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika Masisi na Goma. Mwezi wa Machi vikafika Walikale. Tena, tangu mwaka 1993 jamaa nyingi za milima ile zimekimbia, wala si mara moja tu. Wameacha maharagwe shambani na ng'ombe malishoni, na watoto wameacha madaftari darasani. Kwa ajili ya watu hao hao twaandika. Kama furaha ya Kikristu haimfai mtu aliyekimbia na godoro kichwani, basi haimfai mtu ye yote.

Kwanza tusichanganye furaha na bahati. Bahati huja na kwenda zake. Wakumbukeni vijana wa Bisie, katika msitu wa Walikale. Madini ya bati yalipojulikana huko, mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu waliacha mashamba na shule wakaenda kuchimba. Wachukuzi walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni, wakapita njia za matope msituni. Ndege zilitua juu ya barabara huko Kilambo kuyapokea madini hayo. Fedha zilipatikana, nasi hatusemi kwamba kazi ya kuchimba ni dhambi. Mwenye kutoa jasho apata haki yake. Lakini waulizeni waliorudi. Wengi watawaambia kwamba fedha zililiwa na pombe, na karata, na chakula cha bei kali, na wenye bunduki waliosimama njiani kudai fungu lao. Aliyetafuta mali aliipata siku mbili tatu. Aliyetafuta furaha hakuikuta shimoni.

Basi furaha iko wapi? Jibu tulifundishwa tungali wadogo, katika Katekisimu: Mungu alituumba tupate kumjua, kumpenda na kumtumikia, na mwisho kukaa naye. Wengi wetu twayajua maneno hayo kwa moyo, kama mtoto ajuavyo wimbo wa shule. Lakini kujua maneno si kumjua Mungu. Mtu aweza kulijua jina la mwami wake, kulipa kodi yake, hata kumpigia makofi apitapo, na asiwe ameketi hata siku moja karibu na moto wake. Wako Wakristu wa namna hiyo. Jina lao limeandikwa katika kitabu cha Ubatizo, nao waja kanisani siku ya Noeli na Pasaka. Ila hawajasema na Mungu hata neno moja lililotoka moyoni mwao wenyewe. Hao twawahurumia, kwa maana wako mlangoni mwa karamu na bado wana njaa.

Urafiki huanza kwa mazungumzo. Sala za kanisa ni njema, tena Rozari ni silaha ya jamaa, tusiziache kamwe. Lakini baada yake tumwambie Mungu mambo yetu kama yalivyo: mtoto ana homa, mihogo imeoza, jirani amenitukana, leo nimecheka, ahsante. Wala tusihangaike na lugha. Yeye asikia Kiswahili, asikia Kihunde na Kinyanga, asikia Kitembo na Kinyarwanda. Na hapa, ndugu, kuna jambo la kufikiri sana. Anayemwita Mungu Baba kwa lugha ya mama yake, lazima akumbuke kwamba ng'ambo ya kilima mtu mwingine amwita Baba yule yule kwa lugha nyingine. Huwezi kukaa magotini mwa baba huku umeshika panga la kumpiga mtoto wake. Wengi wamepoteza furaha ya sala kwa sababu hiyo tu, nao wasema kwamba Mungu amenyamaza.

Wengine watasema: Sisi tuko mbali na padri. Ni kweli. Eneo la Walikale lina kilomita za mraba zaidi ya 23,000, na sehemu kubwa ni msitu. Kuna vijiji ambavyo hukaa muda mrefu bila Misa. Twawasikitikia, na tuwaombee mapadri. Lakini sikieni habari za Wakristu wa Buganda. Mwaka 1882 Mapadri Weupe walilazimika kuiacha nchi ile, wakarudi mwaka 1885 tu. Walioachwa walikuwa Wakristu wapya, wachache, bila Misa wala Komunio. Je, imani ilizimika? Hata kidogo. Watu kama Yozefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba waliendelea kusali na kufundisha wenzao, na mapadri waliporudi walikuta idadi ya wenye kutaka dini imeongezeka. Wote watatu walikufa mashahidi, Yozefu mwaka ule ule wa 1885, na wenzake wawili mwaka 1886. Ninyi nanyi mna walimu wa dini, mna shirika lenu la jirani, mna Injili. Mahali pasipo na padri, moyo waweza kumwita Yezu kwa hamu ya Komunio, naye haji mikono mitupu.

Lakini urafiki wa kweli hupimwa siku ya taabu. Wazee walisema: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sisi twataka Mungu atufae katika dhiki. Je, sisi twamfaa yeye tukijaribiwa? Tazameni Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, mtoto wa jimbo la Goma, ambalo Masisi na Walikale ni sehemu yake. Alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Hakuwa padri wala bruda. Alikuwa kijana msomi, mfanyakazi wa ofisi ya serikali iliyokagua bidhaa mpakani. Baada ya kazi, pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio, aliwasaidia watoto wa barabarani, wale ambao Goma huwaita maibobo. Siku moja wenye mchele ulioharibika walimletea fedha ili auachie upite. Akakataa. Alimwambia sista mmoja aliyemfahamu kwamba fedha huisha upesi, lakini watakaokula chakula kile watakuwaje? Tena akajiuliza kama yeye aishi katika Kristu au la. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa nyara, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo huko Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri.

Lifikirini lile swali lake. Hakuuliza atapata kiasi gani, wala nani atamwona. Aliuliza habari za rafiki yake. Mtu mwenye swali kama hilo ndani yake hawezi kununuliwa, kwa maana tayari anayo mali iliyo kubwa kuliko ile anayoonyeshwa. Hiyo ndiyo furaha tunayosema. Si kicheko cha siku zote. Hata Bwana wetu alilia. Ni amani ya mtu ajuaye kwamba hayuko peke yake. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi waraka uliojaa furaha, naye alikuwa amefungwa gerezani.

Basi, juma hili tufanye mambo matatu. Asubuhi, kabla ya kushika jembe au kalamu, tumsalimu Mungu kwa maneno yetu wenyewe. Jioni tuketi kimya kidogo, tumweleze siku ilivyokwenda, mema na mabaya, tukaombe msamaha. Na katikati ya siku, kazini, sokoni, au kwenye mtihani, tulijibu lile swali la Floribert.

Ninyi wazazi, hata mkilala chini ya hema, watoto wasilale kabla ya kuwasikia mkisali. Ninyi wanafunzi, msingoje vita viishe ndipo mwanze urafiki huo. Nyumba ikibomoka itajengwa. Shamba likiachwa litalimwa tena. Rafiki huyu hahitaji kuachwa nyuma: tukikimbia yuko njiani pamoja nasi, na siku ya kurudi atarudi nasi.