Mcheza Kwao Hutunzwa: Google, Konsoli na Vijana wa Buha

Kwa miaka kadhaa wachambuzi wa teknolojia wamejiuliza iwapo Google, mmiliki wa mfumo wa Android unaoendesha simu nyingi duniani, inaweza kuzipokonya Sony, Microsoft na Nintendo soko la konsoli, yaani mashine za michezo ya video zinazounganishwa na runinga. Mkazi wa Kasulu au Kibondo anaweza kudhani kwamba swali hilo halimhusu. Linamhusu, ila limeulizwa kutoka upande usio wake.

Tuanze na historia. Mwaka 2012 kampuni changa ya Marekani, Ouya, ilichangisha zaidi ya dola milioni 8 kutoka kwa umma ili iunde konsoli nafuu ya Android. Mashine hiyo iliingia sokoni mwaka 2013, na miaka miwili baadaye biashara yake ikanunuliwa na kampuni ya Razer. Novemba 2019 Google yenyewe ilizindua Stadia, huduma iliyokusudia kuifanya konsoli isihitajike kabisa: mchezo ungeendeshwa kwenye kompyuta za Google, na picha zake zingesafirishwa kwa intaneti hadi nyumbani kwa mchezaji. Ilianza na nchi 14, zote za Ulaya na Amerika Kaskazini. Haikufika Afrika. Tarehe 18 Januari 2023 ilifungwa, na wateja wakarudishiwa fedha zao.

Wengi huitaja michezo michache kuwa chanzo cha anguko hilo. Sisi tutazame jambo jingine. Stadia ilihitaji intaneti ya kasi ya megabiti 10 kwa sekunde. Kwa saa moja hizo ni gigabaiti nne na nusu. Ni kijana gani wa Heru Juu au Kifura atakayenunua bando la kiasi hicho ili acheze mechi chache za mpira? Tukumbuke pia kwamba hadi mwaka 2022, gridi ya taifa ilipofika, miji ya Kasulu na Kibondo iliangaziwa na majenereta ya dizeli. Huduma ile ilibuniwa kwa ajili ya mtu ambaye umeme na intaneti kwake ni kama hewa.

Huku kwetu konsoli ina maisha mengine. Ni mtaji wa kibanda: runinga moja, PlayStation iliyokwisha kutumika kwingine, benchi, na vijana wanaolipa kwa mechi. Asiyekuwa na fedha ya kibanda anacheza kwenye simu yake ya Tecno au Itel. Hapo ndipo Google iliposhinda bila kuuza konsoli hata moja. Ilishindwa sebuleni kwa tajiri, ikashinda mfukoni mwa maskini.

Ushindi huo una lango, nalo ni duka la programu. Kwa miaka mingi Google ilitoza asilimia 30 ya mauzo yanayofanyika humo. Tangu mwaka 2021 ilitoza asilimia 15 kwa dola milioni moja za kwanza za mwaka. Desemba 2023 baraza la mahakama mjini San Francisco, katika kesi iliyofunguliwa na kampuni ya Epic, liliamua kwamba Google ilikuwa imejenga ukiritimba usio halali. Serikali yetu nayo ilianzisha mwaka 2022 kodi ya asilimia 2 kwa mapato ya huduma za kidijitali za kampuni za nje. Ni hatua ya haki, lakini kutoza ushuru bidhaa za wengine hakumfanyi mtu kuwa mzalishaji.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana wetu wanacheza kwa wengine, na wanaotunzwa ni wenye ukumbi.

Wapo watakaosema michezo hii ni uvivu, na kwamba mzazi wa Buha anataka mwanawe ashike jembe au kitabu. Hofu hiyo ina msingi, hasa pale kibanda kinapomeza saa za shule. Lakini simu imekwisha kuingia mkononi. Kilichobaki ni kuamua itamfundisha nini aliyeishika. Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza fedha miaka mitatu ili amnunulie kompyuta. Akajifunza mwenyewe, akabuni mchezo wa amani uitwao Salaam, na leo ana kampuni yake. Je, Nyarugusu na Nduta hazina vijana wa aina hiyo? Je, vijiji vinavyozizunguka havina?

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Maofisa wa Kasulu na Kibondo wamezoea maombi ya bodaboda, mashine za kusaga na ufugaji. Kikundi cha vijana wanne kikija na andiko la kutengeneza mchezo wa bao, au wa kufundisha hesabu kwa Kiswahili na Kiha, unaocheza kwenye simu ya bei rahisi bila kula bando, kipimwe kwa mizani ile ile. Vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi vifungue vyumba vya kompyuta jioni ili andiko la namna hiyo lipate waandishi.

Google ikitaka kurudi kwenye konsoli, itarudi, fedha inazo. Halmashauri zetu hazina uwezo wa kuizuia wala kuisaidia. Uwezo zilio nao ni wa kumkopesha kijana wa Kasulu, naye akiukosa mkopo huo atabaki mteja langoni kwa mwingine.