Wati Elfu Nne? Nionyesheni Fyuzi!

Wasomaji wangu, leo naweka mambo ya programu kando kidogo. Najua niliahidi sehemu ya pili ya hifadhidata. Itangoja. Nina hasira, na hasira ikikaa sana huoza.

Mpwa wangu ana Probox. Hubeba abiria kati ya Busia mjini na Sigalame, na kama kijana yeyote mwenye gari huku kwetu, alitaka muziki. Si redio tu, MUZIKI. Akakopa kwenye chama chao, akaenda duka moja (sitalitaja, na wala si hilo peke yake), akarudi na sabufa ya inchi 12 ndani ya boksi dogo lililofunikwa zulia, pamoja na amplifaya iliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu: 4000W.

"Mjomba, hii ni wati elfu nne!" akaniambia kwenye simu.

Wiki ya tatu, jioni, gari likiwa limejaa, abiria wakasikia harufu ya plastiki inayoungua. Hawakuwa wamefika Sigalame. Waya wa amplifaya ulikuwa umepitishwa kwenye tundu la chuma kati ya injini na dereva bila mpira wa kuukinga. Chuma kikala ganda lake, na karibu na betri hapakuwa na fyuzi. Mama mmoja alitoka na mtoto mchanga mgongoni huku moshi ukifuka chini ya dashibodi. Hakuna aliyeumia, tumshukuru Mungu. Lakini mpwa wangu bado analipa deni la chama, na kuna abiria ambao hawataki tena kupanda gari lake.

Sasa nisikilizeni. Ile 4000W ni uongo. Si kutia chumvi kama muuza maembe anayesema yake ni matamu kuliko ya jirani. Ni uongo unaoweza kuonyeshwa kwa hesabu ya darasa la saba. Na tunaukubali kwa sababu tumezoea kununua namba badala ya kitu chenyewe.

HESABU YA FYUZI

Pindua amplifaya. Kando ya mahali pa kuunganishia nyaya utaona fyuzi. Ya mpwa wangu ilikuwa na mbili, kila moja ampea 25. Jumla 50. Umeme wa gari, injini ikiwaka, hufika kama volti 14.4. Zidisha: 50 × 14.4 = wati 720. Hicho ndicho kinachoweza KUINGIA kwa muda mrefu kabla fyuzi hazijakatika. Kinachotoka ni kidogo zaidi, kwa kuwa sehemu hugeuka joto. Amplifaya nzuri ya daraja D hutoa karibu asilimia 80 ya ilichokula, yaani kama wati 576. Ya daraja AB huenda ikatoa asilimia 60, yaani 432.

Hicho ni kipimo cha juu kabisa, si ahadi. Fyuzi huvumilia mshtuko mfupi, na mtengenezaji anaweza kuweka fyuzi kubwa kuliko mahitaji. Lakini ili itoe wati 4000 za kweli, hata ikiwa ya daraja D, ingehitaji karibu ampea 347. Alteneta ya Probox haifiki hata nusu ya hiyo. Elfu nne zingetoka wapi, mbinguni?

Mimi ni mwandishi wa programu. Kazini, mtu akijaza fomu na kuandika kwamba ana umri wa miaka 4000, programu yangu humkatalia. Mbona dukani tunazipokea namba bila kuzikagua?

UONGO HUU UNA HISTORIA

Msidhani ni sisi pekee tuliodanganywa. Wamarekani waliuziwa wati za hewa hadi tume yao ya biashara, FTC, ikatoa kanuni mwaka 1974 ya jinsi ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani. Za magari zilibaki kichakani hadi mwaka 2003, chama cha watengenezaji kilipotoa kipimo cha CEA-2006, ambacho leo huitwa CTA-2006. Kinadai nguvu ipimwe kwa volti 14.4, kwenye omu 4, huku uchafu wa sauti usizidi asilimia 1. Ni cha hiari, lakini mwenye kukifuata hukiandika kwenye boksi lake kwa fahari. Kitafute. Usipokiona, tafuta angalau neno RMS, ambalo ni nguvu ya kudumu. Maneno kama MAX na PEAK yachukulie kama mapambo.

Na sisi je? Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya maelezo ya bidhaa, sura ya 505, inakataza kuipa bidhaa sifa za uongo. Sheria tunazo! Mama anayeuza mahindi sokoni akipunguza gorogoro yake kwa kuibonyeza chini, tunampigia kelele soko zima lisikie. Muuzaji wa amplifaya akiongeza sifuri moja, tunamwambia asante na kumwomba risiti.

BOKSI NDILO LENYE KAZI

Hapa ndipo najua nitagombana na wengi. Tuseme amplifaya ilikuwa ya kweli, na una pesa za kuinunua kubwa zaidi. Bado nasema: nunua boksi kwanza.

Kwa nini? Kuongeza nguvu mara mbili, tuseme kutoka wati 400 hadi 800, kunakupa desibeli 3 tu. Sikio litaona tofauti, lakini si ya kushangaza. Ili sauti isikike kama imekua maradufu, unahitaji takribani nguvu mara KUMI. Ndiyo maana mbio za wati ni mbio za kumtajirisha muuzaji.

Boksi ni jambo lingine. Hewa iliyofungiwa nyuma ya sabufa hufanya kazi kama springi. Boksi likiwa dogo mno, springi inakuwa ngumu na besi ya chini kabisa inapotea. Hesabu zake zilichapishwa na Mwaustralia Neville Thiele mwaka 1961, kisha Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Kila sabufa ya heshima huja na karatasi yenye namba tatu: Fs, Qts na Vas. Isiyo na karatasi hiyo, iache dukani.

Kwa boksi lililozibwa, hesabu ni hii:

Vb = Vas ÷ ((Qtc ÷ Qts)² − 1)

Vb ni ujazo wa boksi. Qtc ni tabia ya sauti unayotaka, 0.707 hukupa besi iliyonyooka. Chukua sabufa yenye Fs hezi 28, Qts 0.5 na Vas lita 60. Ukikokotoa, unapata boksi la lita 60, na besi itaanza kushuka kwenye hezi 40 hivi. Sabufa hiyohiyo ukiitia kwenye boksi la lita 15, Qtc inapanda hadi 1.12, na mtetemo wa asili wa sabufa ndani ya boksi unahama hadi hezi 63. Juu yake panatokea nundu ya kama desibeli 2. Hiyo nundu ndiyo ule mlio wa "bum bum bum" wa noti moja unaousikia kwenye magari mengi, wimbo wowote ule.

Uzi wa chini wa gitaa la besi hupiga hezi 41. Wewe unayependa rumba na benga, fikiria: umelipa pesa zote hizo, na mpiga besi wako amekatwa miguu. Isukuti ikipigwa unasikia mdundo, ngozi ya ngoma huisikii.

Lita 60 ni nini? Ni sentimita 50 × 40 × 30 kwa ndani. Basi! Chukua MDF ya milimita 18, na ongeza lita mbili tatu kwa ajili ya mwili wa sabufa yenyewe. Mpelekee seremala anayetengeneza viti vya sebuleni. Busia na Malaba hawapungui. Atakata, atagundi na kukaza skrubu bila shida, kwa sababu kupima ndiyo kazi yake. Mwambie kila mshono uzibwe, hewa isipite.

Boksi lenye tundu hutoa sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile, ni kweli. Lakini ni kubwa, hesabu yake ni ngumu, na chini ya hezi za tundu lake sabufa hukosa springi ya kuizuia, ikajirusha hadi kujivunja. Kwa anayeanza nasema boksi lililozibwa. Kwa anayetaka tundu, kuna programu ya bure iitwayo WinISD. Itumie kabla ya kuchukua msumeno.

WAYA, FYUZI, OMU

Waya mwembamba si ubahili tu, ni kiberiti. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, urefu mita 5, ukibeba ampea 50 hupoteza karibu volti 1.75 na kugeuza wati 87 kuwa joto chini ya zulia la gari. Wa milimita 16 za mraba hupoteza robo tu ya volti. Tena kwangua ncha ya uzi mmoja: ndani ukiwa mweupe, huo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Hupitisha umeme vibaya zaidi, kwa hiyo uwe mnene zaidi.

Fyuzi ya amplifaya hailindi waya. Weka nyingine karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye ncha yake. Hiyo ndiyo ingeokoa gari la mpwa wangu, kwa bei ya chakula cha mchana.

Kuhusu omu: sabufa mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba huwa omu 2, zikifuatana huwa omu 8. Soma amplifaya yako inavumilia ngapi. Nyingi zikiunganishwa chaneli mbili kuwa moja hazitaki chini ya omu 4. Ukizilazimisha, zitachemka kama sufuria ya ugali.

Na kile kitufe cha geini si cha sauti! Ukikizungusha hadi mwisho, wimbi linakatwa kichwa na koili ya sabufa inaungua. Tenganisha spika, cheza mlio wa hezi 50, pima volti za AC kwenye matokeo. Kwa wati 300 kwenye omu 2, simama ukifika volti 24.5.

WATANIJIBU HIVI

Watasema, "Fundi wetu husikiliza kwa masikio, hahitaji hesabu." Namheshimu fundi. Lakini sikio husikia boksi likishatengenezwa, yaani pesa zikishaliwa. Hesabu husikia kabla.

Watasema, "Abiria wanataka kelele tu." Abiria wanataka kufika. Na tangu mwaka 2009 tuna kanuni za mazingira dhidi ya kelele, kwa hiyo anayenunua sauti ya kutikisa vioo vya majirani ananunua pia kesi.

Watasema, "Za kweli ni ghali." Hapana. Amplifaya ya wati 300 RMS za kweli, boksi la seremala, waya mnene na fyuzi mbili vitalishinda lile dude la dhahabu. Nina ushahidi: tulichukua amplifaya ILEILE ya mpwa wangu, iliyosalimika, pamoja na sabufa ileile. Tukabadilisha boksi, waya na fyuzi, tukapunguza geini. Alipowasha rumba, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, kumbe kulikuwa na gitaa la besi humu!"

Kwa hiyo nawaomba KEBS upande huu na wenzao UNBS upande wa pili: mzigo unaopita hapa mpakani ulazimishwe kuandika wati za RMS na kipimo kilichotumika, au usiuzwe. Nasi watu wa mpaka, tuliozaa neno boda boda, tusiishi kwa kungoja serikali. Ukienda dukani, liwe la shilingi zetu au za Uganda, uliza mambo matatu: RMS ni ngapi? Fyuzi ni ampea ngapi? Karatasi ya Fs, Qts na Vas iko wapi? Muuzaji akicheka, toka nje.

Mpwa wangu amebakisha miezi minne kumaliza deni. Analipa wati elfu nne. Alipata chini ya mia sita.