Milango ya Uani ya Moyo na Ubongo



Kijana mwenye siha njema anaanguka ghafla akipanda kilima cha Lushoto. Kabla hajainuka, waliomzunguka wamekwisha kutoa hukumu: mmoja asema ni jini, wa pili asema ni kifafa, wa tatu asema ni njaa. Ni nadra kumsikia anayeuliza mapigo ya moyo wake yalikuwaje. Ndugu msomaji, juma hili tutazame kwa nini swali hilo ni zito.

Wazee wetu wa pwani walijenga nyumba zilizopakana, na baina ya nyumba na nyumba wakaacha mlango wa uani. Kwa mlango huo akina mama waliazimana chumvi na kupashana habari bila kutokea barabarani. Seli za moyo nazo zimeumbwa katika ujirani wa namna hiyo. Seli mbili zinapogusana, kila moja hupanga protini 6 ziitwazo koneksini katika duara lenye tundu katikati. Duara la seli moja hukutana na duara la jirani yake, na protini zote 12 zikawa kijia kimoja. Humo hupita chembechembe za chumvi zibebazo umeme.

Katika vyumba vya chini vya moyo, koneksini iliyo nyingi zaidi ni ile iliyopewa namba 43. Kwa vijia vyake umeme huenea kutoka seli hadi seli, misuli ikakaza kwa pamoja, takriban mara 100,000 kwa siku. Koneksini hiyo hudumu saa chache tu, kisha mwili huivunja na kuweka mpya. Mshipa wa moyo ukiziba na damu ikakosekana, vijia hujifunga na vingine huhama mahali pake. Hapo umeme hupotea njia, mapigo huenda mrama, ubongo hukosa damu, na mtu huanguka.

Ubongo nao una milango yake. Seli nyingi za fahamu hupelekeana habari kwa kemikali, lakini baadhi zimeunganishwa moja kwa moja kwa koneksini 36, nazo seli zinazozihudumia huunganishwa kwa koneksini 43 na 30. Kifafa hutokea kundi kubwa la seli za ubongo linapotoa umeme kwa pamoja kupita kiasi. Wataalamu bado wanachunguza vijia hivi vina mchango gani katika jambo hilo.

Milima yetu ya Usambara inayo sehemu katika kisa hiki. Ng'ambo ya bonde la Lwengera, huko Amani, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902, wakapanda mikwinini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, magome yake yalitengenezwa dawa ya malaria kwa ajili ya askari wao. Miaka hiyohiyo, mwaka 1914, daktari Karel Wenckebach wa Vienna aliandika habari za mgonjwa aliyekuwa akituliza mapigo yake yaliyovurugika kwa kunywa kwinini. Mwaka 1918 Walter Frey akaonyesha kwamba kwinidini, ndugu ya kwinini kutoka gome lilelile, ina nguvu zaidi juu ya moyo. Na mwaka 2001 watafiti walionyesha katika maabara kwamba kwinini hufunga vijia vya koneksini 36, huku vile vya koneksini 43 vikiguswa kidogo sana.

Basi gome moja hugusa malaria, moyo na seli za fahamu. Dawa iwezayo kutuliza mapigo yaweza pia kuyavuruga. Kwa hiyo mtu asijichemshie magome ya mkwinini wala kumeza kwinini bila kupimwa, hasa mwenye maradhi ya moyo.

Mtu akianguka, mwondoleeni vitu vigumu vya karibu. Akitetemeka, msimbane wala msimtie kitu kinywani. Akitulia, mlazeni ubavu. Akiwa hapumui, mkandamizeni kifua kwa nguvu na haraka huku msaada ukiitwa. Kumbukeni aliyoyasema kabla ya kuanguka, kama moyo ulimwenda mbio, na alikaa muda gani. Mpelekeni hospitali apimwe umeme wa moyo, kwani mapigo yaliyovurugika huweza kumtetemesha mtu akadhaniwa ana kifafa. Wa kifafa naye ana dawa zake, wala si mtu wa kufichwa ndani kwa aibu.

Dua na isomwe, nayo ni haki ya mgonjwa. Lakini isomwe njiani kwenda hospitali, isiwe sababu ya kubaki nyumbani.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaallah.