Mafunzo ya juu yamfuate mwalimu wa chekechea

Nilipokuwa mwalimu wa darasa la nane, miaka mingi iliyopita, nilikuwa na tabia ambayo leo naiungama mbele ya wasomaji. Kila wazazi walipokutana shuleni, sisi walimu wa shule ya msingi tulikaa mbele, naye mwalimu wa chekechea tulimtuma akaangalie chai. Hatukumhesabu kuwa mwenzetu. Machoni petu kazi yake ilikuwa kuwazuia watoto wasikimbilie barabarani hadi wafikishe umri wa kuja kwetu kufundishwa. Alilipwa na wazazi, tena kwa kusuasua: debe la mahindi mwezi huu, shilingi chache mwezi ujao, na kiangazi kikiingia hakupata chochote. Sikumbuki hata siku moja ambapo mmoja wetu aliuliza alikosomea kazi ile.

Hayo yalinirudia hivi majuzi nilipokuwa Mulot. Najua kwamba miaka ya karibuni jina la soko hilo limetajwa magazetini kwa sababu ya vijana wachache walaghai wa simu, na huenda msomaji akatarajia niseme juu yao. La. Nilikwenda kumsalimu mwalimu mmoja wa chekechea ambaye ni rafiki wa familia yangu. Shule yake siitaji, wala sitasema iko ukingo upi wa mto Amala, kwa kuwa mto huo ndio unaoigawa nchi mahali pale: upande mmoja ni kaunti ya Bomet, upande wa pili ni Narok. Darasani mwake nilihesabu watoto 43. Wengine kwao huzungumzwa Kikipsigis, wengine Kimaasai, na wachache ambao wazazi wao ni wachuuzi wa sokoni walikuja na Kiswahili.

Miongoni mwao alikuwamo mvulana wa miaka mitano ambaye nyumbani alikuwa amekwisha kupewa jina la mkaidi. Akiitwa haji. Akiambiwa keti, anasimama. Mwalimu alinisimulia jinsi alivyomtazama kwa wiki mbili bila kumkemea, kisha siku moja, watoto wakichezea udongo, akasimama nyuma yake na kutikisa mkebe wa punje za mahindi. Watoto wote wakageuka isipokuwa yeye. Mama yake akashauriwa ampeleke hospitalini, na huko masikio yakaonekana kuwa na maambukizi ya siku nyingi. Alitibiwa. Sasa huketi mbele, karibu na mdomo wa mwalimu, na siku ile nilipokuwapo ndiye aliyekuwa wa kwanza kugawa punje kumi katika mafungu mawili yaliyo sawa.

Nilimwuliza alikojifunza ule ujanja wa mkebe. "Mwalimu, hayo ni ya likizo za Agosti," akanijibu, "tulipokuwa tukifunzwa na watu wa wilaya."

Watu wa wilaya aliowakusudia wana historia inayostahili kujulikana na kila mwanafunzi wa ualimu. Mwaka wa 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, ilianza mradi wa kutafuta namna ya kuwafunza walimu wa shule za chekechea, ambazo wananchi walikuwa wakizijenga wenyewe kwa harambee bila mwongozo wowote. Mwaka wa 1984 kikaanzishwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, na mwaka uliofuata vikaanza vituo vya wilaya, yaani DICECE. Mpango wao ulikuwa rahisi na wa busara. Mwalimu hakutolewa darasani. Alifundisha muhula mzima, kisha likizo ya Aprili, ya Agosti na ya Desemba akaenda kusoma, na kwa muda wa miaka miwili akatembelewa shuleni kwake na mkufunzi aliyeketi nyuma ya darasa akimwangalia. Alichofunzwa Agosti alikijaribu Septemba, na kilichomshinda Oktoba alirudi nacho Desemba.

Pwani nako kulikuwa na mfano wa namna hiyo. Mwaka wa 1986 mjini Mombasa, Bi Swafiya Said na wenzake, wakisaidiwa na wakfu wa Aga Khan, walianza kuunganisha madrasa na chekechea. Mpango huo ulienea Zanzibar mwaka wa 1990 na Uganda mwaka wa 1993. Huko pia mkufunzi ndiye aliyefunga safari kumfuata mwalimu, akaketi naye sakafuni, wakatengeneza vifaa vya kuchezea kutokana na vifuu na vitambaa.

Nayataja haya kwa sababu leo tunazungumza sana juu ya kuinua viwango, na ni vyema kuinua viwango. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto mikononi mwa serikali za kaunti, na kuanzia mwaka wa 2013 kaunti zikaanza kuwaajiri walimu hao. Lilikuwa jambo kubwa. Kumbukeni kwamba mwaka wa 2003, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure, chekechea iliachwa nje, na wako wazazi waliowaweka watoto nyumbani wakingojea darasa la kwanza lisilo na malipo. Kisha mwaka wa 2021 ikaanza diploma mpya ya ualimu wa elimu ya awali, inayoambatana na mtaala wa umilisi. Anayetoka shule ya upili na kutaka kujiunga nayo alitakiwa awe na alama ya wastani ya C, na kwa walimu wenye vyeti vya zamani ikatengenezwa kozi ya kujiendeleza.

Wanaoitetea hatua hiyo wana hoja yenye uzito, nami siwapingi. Kwa miaka mingi ualimu wa chekechea ulikuwa jalala la walioshindwa kwingine. Msichana akianguka mtihani, jamaa walisema, si hoja, atafundisha nasari. Maana yake ni kwamba tulijenga ngazi ya ajabu: kadiri mtoto alivyokuwa mdogo ndivyo cheti cha mwalimu wake kilivyokuwa kidogo, na mshahara pia. Aliyeivunja ngazi hiyo kwa kudai diploma amefanya haki.

Tena ushahidi uko upande wake. Wataalamu wetu hupenda kuutaja utafiti wa Perry, uliofanywa mjini Ypsilanti, Marekani, kati ya mwaka wa 1962 na 1967, ambapo watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa, 58 wakapata chekechea na waliosalia wasipate, kisha wote wakafuatiliwa hadi wakawa watu wa miaka 40. Waliopata chekechea walikuja kuwa na kipato kikubwa zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Habari hiyo husomwa katika semina zetu kama kwamba kilicholeta mabadiliko ni jengo au uji. Lisilosomwa ni kwamba walimu wale walikuwa na shahada, kila mmoja akiwa na watoto wasiozidi sita hivi, na kwamba kila wiki waliwatembelea wazazi nyumbani. Haifai kuazima matokeo ya Ypsilanti na kuyaacha masharti yake.

Ugomvi wangu basi si juu ya diploma. Ni juu ya nani anayeilipia, inasomewa wapi, na inamfaidi nini aliyeipata.

Turudi Mulot. Rafiki yangu alifanya mtihani wa kidato cha nne mwanzoni mwa miaka ya tisini na hakuipata hiyo C. Ana cheti cha mafunzo ya likizo na amefundisha kwa zaidi ya robo karne. Ameambiwa, kwa maneno ya mdomo na bila barua, kwamba asipojiendeleza siku moja nafasi yake itachukuliwa na mwenye diploma. Karo ni yake, nauli ni yake, na chakula awapo masomoni ni chake. Mkataba wake ni wa muda. Nilipomwuliza mshahara utapanda kwa kiasi gani atakapohitimu, alicheka, na kicheko hicho kikanitia haya kuliko jibu lolote. Hakuna aliyemwahidi chochote.

Hapo ndipo mafunzo yanapogeuka kuwa kizingiti. Mwalimu anayesoma kwa hofu ya kufukuzwa atatafuta karatasi tu, wala hatujui tumlaumu vipi. Nimepata kuona kazi za kozi zilizonakiliwa neno kwa neno, jina tu likiwa limebadilishwa, za walimu waliokuwa hodari darasani lakini hawakuwa na usiku wa kutosha wa kuandika. Kozi ya namna hiyo haiwezi kumfundisha mtu kutikisa mkebe wa mahindi nyuma ya mtoto.

Na mambo ya kujifunza ni mengi kweli. Rafiki yangu mwenyewe aliniorodheshea yanayomshinda, bila kuona aibu. Hajui afanye nini na msichana wa miaka minne ambaye tangu Januari hajatamka neno shuleni, ingawa nyumbani huongea kama kasuku. Hajui atofautishe vipi mtoto anayechelewa kwa sababu lugha ya darasa si ya kwao na yule mwenye tatizo la akili au la usemi. Wazazi wanadai watoto waandike alfabeti yote kufikia muhula wa pili, kwa kuwa shule ya kulipia iliyo ng'ambo ya barabara inafanya hivyo. Yeye anahisi kwamba vidole vya mtoto wa miaka minne havijakomaa kwa kazi hiyo, bali hana maneno ya kuwathibitishia wazazi. Maneno hayo, na elimu iliyo nyuma yake, ndiyo mafunzo ya juu ninayoyasema. Ni elimu ngumu. Mimi niliyefundisha darasa la nane nilikuwa na kitabu, kiongozi cha mwalimu na mitihani ya miaka iliyopita. Yeye ana mtoto tu mbele yake, na sharti amsome huyo.

Sijagusa bado watoto walio chini ya miaka minne. Katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet kampuni zimekuwa na vyumba vya kulelea watoto wa wachumaji, lakini mama anayechuma chai katika shamba dogo, au anayeuza viazi soko la Mulot, humwacha mtoto kwa nyanya, au kwa dada mwenye umri wa miaka tisa ambaye mwenyewe angepaswa kuwa shuleni. Katiba imevitaja vituo vya kulelea watoto katika kifungu hicho hicho kinachotaja chekechea. Ni nani anayewafunza walezi wa vituo hivyo? Suala hili lahitaji makala yake.

Ninachowaomba wakuu wa elimu wa Bomet na Narok si kitu kigeni. Likizo bado zipo. Madarasa ya shule za msingi za Mulot husimama matupu Aprili, Agosti na Desemba. Mjini Narok kuna Chuo Kikuu cha Maasai Mara, Kericho kuna Chuo Kikuu cha Kabianga, na Bomet ina chuo chake kikuu kishiriki. Mhadhiri mmoja akija Mulot kwa majuma matatu atawafaa walimu wengi kuliko walimu wale wakihangaika mmoja mmoja kutafuta mahali pa kulala mjini. Kaunti hizo mbili zinaweza kuchangia gharama, kwa kuwa watoto wenyewe huvuka daraja bila kuuliza mpaka uko wapi. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na fungu la kazi hii, kama lipo, linapaswa kuonekana ndani ya makadirio kabla ya hapo, likiwa na jina lake, lisifichwe ndani ya fungu la ujenzi wa madarasa. Miaka aliyofundisha mwalimu nayo ihesabiwe: anayeweza kuonyesha darasani anachokijua asilazimishwe kuanza upya na vijana wa miaka kumi na minane. Na barua ya ajira iseme wazi kiwango cha mshahara cha mwenye cheti, cha mwenye diploma na cha mwenye shahada.

Kwenu wanafunzi mlio katika kozi hiyo ya diploma hivi sasa, nina ombi dogo. Mtakapopelekwa mazoezini mkamkuta mwalimu mzee asiye na diploma, ketini nyuma ya darasa lake wiki nzima kabla ya kumfungulia madaftari yenu.

Nilipokuwa nikiaga, rafiki yangu alinisindikiza hadi stendi ya magari. Binti yake wa mwisho ameipata hiyo C, na anataka kazi ya mama yake. Fomu ziko nyumbani, mbili, moja ya binti kuanza diploma na nyingine ya mama kujiendeleza. Karo iliyopo inamtosha mmoja. Alitaka kujua mimi, kama mwalimu mwenzake, ningejaza ipi. Gari likaja kabla sijamjibu, na hadi leo ninapoandika haya sijampigia simu.