Kada wa Washington
Na Mzee Kashata

Mama watoto alinipiga marufuku kijiwe cha kahawa. Jumanne nilikaidi. Adhabu nikaipata hapohapo.

Kijana mmoja, shati limenyooka kama wembe, alikuwa akitufundisha: Marekani waziri ni mtaalamu tu, huko makada hawagawiwi wizara. Wazee wazima wanaitikia! Nikamwuliza, "Patricia Harris unamjua?" Akaniuliza anaimba nyimbo gani.

Kahawa ikanipalia. Mwanangu, Patricia Roberts Harris wa Democratic ndiye aliyesimama kwenye mkutano mkuu wa chama mwaka 1964 kuliunga mkono jina la Rais Lyndon Johnson. Mwaka uliofuata Johnson huyohuyo akampeleka Luxembourg, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa balozi wa Marekani. Hiyo unaiita bahati nasibu? Mwaka 1972 akaongoza kamati iliyoamua nani mjumbe halali wa mkutano mkuu na nani arudi kwao. Kazi hiyo hapewi mpita njia. Mwaka 1977 Jimmy Carter akamkabidhi wizara ya makazi. Hakuna mwanamke Mweusi aliyewahi kuwa waziri Marekani kabla yake. Kada kindakindaki.

Tena sheria alimaliza wa kwanza darasani, Chuo Kikuu cha George Washington. Ukada na akili hukaa nyumba moja vizuri tu. Sisi tumezoea kumkuta mpangaji mmoja.

Seneta William Proxmire, wa chama chake mwenyewe, alimhoji kama mwanasheria wa hadhi yake angewajali maskini. Mama yule akamjibu kuwa yeye ni mmoja wao: binti wa mhudumu wa behewa la chakula kwenye treni, mwanamke Mweusi ambaye miaka minane nyuma asingeuziwa nyumba katika baadhi ya mitaa ya Washington. Na wizara anayoiombea kibali ni ya makazi! Jibu hilo halipatikani kwenye semina elekezi.

"Lakini shikamoo mzee, si chama kilimbeba?"

Kilimbeba, marahaba. Mwaka 1982 akautaka umeya wa Washington, kura za maoni za chama hichohicho zikampa Marion Barry.

Kijana akatazama saa. Anawahi ofisi ya chama, kuna uteuzi anaufuatilia. Vikombe vyake vitatu nimelipa mimi.