KUVU KATIKA KOPO LA MAUA: USIMTAZAME JIRANI, TAZAMA MAJI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayemngoja nyumbani,

Mara hii sitasema juu ya kofia ya chuma wala juu ya viatu vya kazi. Nitasema juu ya kopo la maua lililo katika saloni yako. Usicheke. Kwa ajili ya kopo la namna hiyo, mama wawili wa kampi yetu walikaa majuma matatu bila kusalimiana.

Mmoja aliamka asubuhi akakuta udongo wa maua yake umefunikwa na kitu cheupe kama pamba. Baada ya siku chache vikaota viyoga vya manjano. Mche ule alikuwa amepewa na jirani yake. Basi likatamkwa lile neno ambalo sote hapa Kivu tunalijua na kuliogopa: karuho. Alikuja dispensere na kopo lenyewe ndani ya mfuko, akitaka nimpimie sumu. Nilitia kidole ndani ya udongo, kikatoka kinadondosha maji. Nikamwuliza: "Mama, unamwagilia mara ngapi?" Akajibu: "Asubuhi na mangaribi, muganga. Ninayapenda maua yangu."

Sumu haikuwamo. Kosa lilikuwa ni kumwagilia kuliko haja.

Kuvu ni nini? Ni kiumbe chenye uhai, lakini hakitengenezi chakula chake kwa mwanga wa jua kama majani. Hula vitu vilivyokufa: majani makavu, mizizi iliyooza, samadi, majani ya chai tunayomwaga katika kopo tukidhani tunalisha maua. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi la unga na zimo hewani kila mahali. Hakuna mtu anayehitaji kuja usiku kuzipanda. Zikipata unyevu, kivuli na hewa isiyotembea, zinaota. Viyoga vile vya manjano ni vya ukoo huohuo. Vinajulikana duniani kote katika nchi za joto, na hupenda sana makopo ya maua. Ving'oe na kuvitupa mbali na watoto, maana si vya kuliwa.

Katika Walikale tunaishi ndani ya msitu. Mvua hainyamazi kwa muda mrefu, na udongo wetu mwekundu hushika maji kama udongo wa mfinyanzi. Ndugu zetu wa Masisi, upande wa Sake karibu na milima ya moto, wana udongo mweusi unaopitisha maji vizuri zaidi, lakini baridi ya milimani inawafanya wafunge nyumba mchana na usiku. Huku na huko matokeo ni mamoja: kopo halikauki.

Basi fanya hivi. Kwanza, toa kopo nje. Usikwangue kuvu ndani ya nyumba, wala usiikwangue ikiwa kavu, maana mbegu zitaruka. Nyunyiza maji kidogo juu yake, funga kitambaa puani na mdomoni, kisha ondoa udongo wa juu, kama sentimeta 3, uufukie mbali. Pili, toboa matundu chini ya kopo. Kopo la maziwa au bidoni lililokatwa lisilo na tundu ni kisima, si bustani. Weka changarawe kidogo na changanya mchanga katika udongo. Mwaga pia maji yanayobaki katika sahani ya chini, maana humo mbu huzaa. Tatu, ondoa majani yaliyoanguka. Nne, kabla ya kumwagilia, ingiza kidole. Kikikuta unyevu, acha mpaka kesho. Mwagilia asubuhi, si usiku. Tano, weka kopo barazani au karibu na dirisha penye mwanga.

Ikiwa unaotesha miche ya pilipili au seleri katika kopo, na miche inaanguka imelegea pale shina linapogusana na udongo, dawa ni ileile: maji kidogo na hewa nyingi. Kabla ya kupanda tena, mimina maji yanayochemka juu ya udongo mpya, uuache upoe ndipo uweke mbegu.

Usimimine petroli ya taa. Usinyunyize dawa ya shamba ndani ya chumba ambamo watoto wanalala. Kuvu ile nyeupe kwa kawaida haiui hata ua lenyewe, lakini dawa ya shamba inaweza kumwua mtoto.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mtu mwenye kifua kizima huvuta mbegu za kuvu kila siku, wala haugui. Lakini sisi ni watu wa mgodi. Vumbi la mawe huumiza mapafu, na pafu lililoumizwa na vumbi hushikwa upesi na kifua kikuu. Aliyetibiwa kifua kikuu akapona anaweza kubaki na tundu ndani ya pafu. Kuvu moja iitwayo aspergilusi, inayoishi katika udongo na majani yaliyooza, inaweza kuingia katika tundu hilo na kuota humo, kama inavyoota katika kopo. Mtu anakohoa, anakonda, anatema damu. Watu wote wanasema: kifua kikuu kimerudi. Anameza tena dawa kwa miezi, wala hapati nafuu, kwa sababu dawa za kifua kikuu haziui kuvu.

Hapa nawalaumu kwanza wenzangu wa koti jeupe, nami nikiwa mmoja wao. Nimeona mchimbaji aliyeanzishiwa dawa mara ya pili bila makohozi yake kupimwa. Ndugu mfanyakazi, ukiwa ulimaliza matibabu yako na kikohozi kinarudi, dai kwa heshima mambo mawili: makohozi yapimwe, na kifua kipigwe picha. Mweleze muganga historia yako yote, kazi yako ya shimoni pamoja na kifua kikuu cha zamani. Hayo ni haki yako. Na wewe uliyewahi kuugua kifua, au mwenye pumu, usilale chumba kimoja na makopo yenye kuvu, wala usiwe wewe unayebadilisha udongo.

Usidhani kuvu ni mambo ya nyumbani tu. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika ya Kusini, kati ya mwaka 1941 na 1944, wachimbaji wapatao 3000 walipata vidonda vilivyopanda mkononi au mguuni vikifuatana kama shanga. Chanzo kilikuwa kuvu iliyoota juu ya miti ya kutegemeza mashimo. Iliingia mwilini kwa mikwaruzo midogo ambayo hakuna aliyeijali. Ugonjwa ulikoma miti ilipotiwa dawa na wagonjwa walipotibiwa. Nasi pia tuna mashimo yanayotegemezwa kwa miti, tena miti mibichi ya msituni. Vaa glavu, osha mkwaruzo kwa maji safi na sabuni, na kidonda kisichopona baada ya juma moja kilete dispensere.

Wako wanaosema: basi tutupe maua yote. Mimi sikubali. Nyumba ya mbao na mabati yenye ua moja barazani inamfurahisha mtu anayetoka gizani. Kopo hilo ni mlinzi wako. Likiota kuvu, linakuambia kwamba nyumba haipumui. Ndipo uangalie ukuta nyuma ya kitanda, godoro, nguo za kazi zilizoanikwa ndani, na mfuko wa mahindi au karanga. Nafaka yenye kuvu usile, maana sumu yake huharibu ini. Najua kwa nini madirisha yanafungwa: baridi kule Masisi, mbu huku Walikale, na wezi kila mahali. Lakini mchana, watu wakiwa wameamka, fungua.

Yule mama alirudi kwa jirani yake akiwa amebeba kopo lililotobolewa matundu. Walicheka pamoja, na mche ukagawanywa mara mbili. Mimi naona hiyo ndiyo dawa kubwa niliyotoa mwezi huo, wala haikutoka kabatini. Kabla ya kumshitaki mtu, ingiza kidole katika udongo.

Afya ya nyumba ni usalama wa kazi.