Refa wa kikapu anasahihishwa hadharani, wa soka je?

Januari 28, 2023, mjini Boston. Ubao unasoma 105-105 na zimebaki sekunde chache. LeBron James wa Los Angeles Lakers anapenya hadi chini ya kikapu, anaruka kutumbukiza mpira, Jayson Tatum wa Boston Celtics anampiga mkono. Mpira unakataa. Filimbi kimya.

LeBron akaishia kupiga magoti sakafuni, haamini. Mwenzake Patrick Beverley akachukua kamera ya mpiga picha aliyekuwa pembeni ya uwanja, akamfuata nayo refa ili amwonyeshe ushahidi. Alichoambulia ni faulo ya kiufundi. Mchezo ukaenda muda wa nyongeza, Lakers wakalala 125-121.

Hadi hapo, shabiki wa soka wa Dar es Salaam au Mombasa hana jipya alilosikia. Refa kukosea, mchezaji kulia, timu kufungwa, hayo anayaona kila wikiendi. Jipya ni kilichofuata. Baada ya mchezo, kiongozi wa marefa wale alikiri kwamba ilikuwa faulo na hawakuiona. Kisha ligi yenyewe, NBA, ikaandika hivyo hivyo kwenye ripoti yake ya wazi ambayo yeyote angeweza kuisoma.

Ripoti hiyo si ya dharura. NBA wanaitoa tangu Machi 2015. Mchezo ukiwa umebana, yaani tofauti ni pointi tatu au pungufu ndani ya dakika mbili za mwisho, kesho yake wakaguzi wanakaa na video na kupitia matukio ya dakika hizo, moja baada ya jingine. Mchezo ukifika muda wa nyongeza, nao unakaguliwa.

Kila tukio linapewa alama moja kati ya nne: refa kapuliza na alikuwa sahihi, kapuliza na alikosea, hakupuliza na alikuwa sahihi, hakupuliza na alikosea. Inatajwa sekunde, anatajwa mchezaji aliyefanya na aliyefanyiwa, na maelezo mafupi ya kwa nini.

Alama ya nne ndiyo yenye uzito. Kosa la filimbi iliyolia kila mtu analiona. Kosa la filimbi iliyonyamaza ndilo linaloua timu kimyakimya, na hata teknolojia huwa inalikosa. Makocha wa NBA wana haki ya kuomba uamuzi urudiwe kwenye video tangu msimu wa 2019/20, lakini kwenye faulo wanaweza kupinga ile iliyopulizwa tu. Ya LeBron haikupulizwa, kwa hiyo hakukuwa na cha kupinga. Ilibidi isubiri ripoti.

Sasa turudi kwenye soka. Aprili 5, 2024, Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Shuti la Stephane Aziz Ki linagonga mwamba wa juu, linadunda kwenye eneo la mstari, linatoka. VAR ipo, uamuzi ni kwamba si bao, Mamelodi Sundowns wanakwenda kuitoa Yanga kwa penalti 3-2. Mpaka leo kuna Mwananchi anayeapa kwamba mpira wote ulivuka, na kuna Mnyama anayemjibu kwamba anaota.

Ubishi huo hauishi kwa sababu video peke yake haimalizi ubishi. Picha ile ile, ukiisimamisha hapa ni bao, ukiisogeza kidogo si bao. Mguso mdogo ukichezwa polepole unageuka teke. Kinachomaliza ubishi, au angalau kuupunguza makali, ni mwenye mamlaka kusema hadharani: tumetazama kamera hizi, tumeona hiki, kwa hiyo uamuzi ulikuwa sahihi au haukuwa.

England walionja dawa hiyo. Septemba 30, 2023, bao la Luis Diaz wa Liverpool dhidi ya Tottenham lilikataliwa kwa kuotea ambako hakukuwepo, na Liverpool wakafungwa 2-1. Siku chache baadaye wakubwa wa marefa walitoa sauti za chumba cha VAR. Watu wakasikia kilichotokea: waliokuwa kwenye video walidhani uwanjani limetolewa bao, wakathibitisha uamuzi, wakaja kushtuka mchezo umeshaendelea. Aibu kubwa. Lakini aliyesikiliza alisikia watu waliochanganyikiwa, hakusikia watu walionunuliwa.

Wapo wanaoipinga ripoti ya NBA, na si watu wadogo. Desemba 2016 ripoti ilisema Kevin Durant wa Golden State alichezewa faulo mwishoni mwa mchezo ambao Cleveland walishinda 109-108. Durant mwenyewe, aliyeonewa, ndiye aliyekuja juu: ligi inawatosa marefa wake, na matokeo yako pale pale. Ana hoja. Ripoti hairudishi pointi hata moja. Tena dakika mbili za mwisho si mchezo mzima. Faulo ya robo ya kwanza nayo ina pointi zake.

Lakini hoja hiyo inasahau jambo moja. Ripoti inahesabu na yale refa aliyopatia. Kwetu refa huandikwa siku anayofungiwa tu. Kamati inakaa, taarifa inatoka, fulani kaondolewa kwenye ratiba kwa kushindwa kutafsiri sheria. Penalti tatu ngumu alizopatia mwezi uliopita hazina pa kuandikwa. Shabiki akimkumbuka, anamkumbuka kwa moja aliyoharibu, na hapo ndipo neno "kahongwa" linapoota mizizi.

NBA wanalijua neno hilo vizuri. Mwaka 2007 refa wao Tim Donaghy alikiri mahakamani kuhusika na kamari ya michezo aliyochezesha mwenyewe, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Ligi iliyopitia hapo haiwezi tena kuwaambia mashabiki "tuaminini tu". Inabidi ionyeshe daftari.

Soka letu nalo linahitaji daftari, na halihitaji kusubiri VAR kila uwanja. Michezo mingi ya ligi inaonyeshwa kwenye televisheni. Watu watatu waliowahi kuchezesha, mkanda, na siku mbili za kazi vinatosha kupitia penalti, kadi nyekundu na mabao yaliyokataliwa, kisha karatasi moja itoke kila wiki: hili sahihi, hili kosa, hili lilistahili filimbi na halikupata. Iwe kwa timu zote, kubwa na ndogo, siyo siku ya watani wa jadi tu.

Lakers hawakurudishiwa mchezo wao wa Boston. Ila hakuna anayewaambia kwamba waliota.